Mzee Taa na Haisi ya Njano

Nina duka la spea Mabatini, mlango wa tatu kutoka kwa fundi wa rejeta, na kwa miaka kumi na mmoja nimemuuzia Mbaruku balbu nyingi za taa za mbele kuliko mteja mwingine yeyote. Kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo chenye sura ya sanduku, kilikuwa kinazila balbu kama karanga. Nilimtania kwamba zinaungua kwa umbea. Alikuwa anacheka, analipa, kisha anamgeukia mteja aliye nyuma yake na kumwambia, "Huyu Shamsa ana mdomo, lakini vitu vyake si feki."

Mimi nilimwita kaka Mbaruku. Madereva wote kuanzia Mirongo hadi Kisesa walimwita Mzee Taa.

Mnaoendesha magari mnajua kwa nini. Wasioendesha niwaeleze. Ukiwa barabarani mchana kweupe, ukaona gari linalokuja linakuwashia taa kubwa mara mbili, lina habari yako. Dereva akielekeza kidole chini, trafiki wapo mbele. Akipunga kiganja, njia nyeupe, twende. Watu wawili wanaweza kuwa wametukanana stendi asubuhi mpaka wakashikana mashati, lakini wakipishana saa nne wataambiana trafiki walipo. Dereva asiyewasha anahesabiwa ni mchoyo, na siku akiharibikiwa njiani hapewi hata jeki.

Wengine huwawashia wanaowajua. Mbaruku aliwawashia wote: Fuso za mkaa, bodaboda, magari ya harusi, wazungu wa Serengeti, hata gari lililobeba maiti. Siku moja aliliwashia gari la polisi lenyewe, akaligundua wakati wameshapishana. Tulicheka wiki nzima.

Msidhani alizaliwa anawachukia trafiki. Zamani, kabla ya kirikuu, aliendesha pikapu ya tajiri mmoja, akibeba sangara na barafu kutoka mwaloni Kirumba, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mchana mmoja askari wawili wakamsimamisha kwenye jua kali. Leseni ipo, bima ipo, kizimamoto kipo. Wakazunguka nyuma, wakakuta kipande cha mpira wa kuzuia tope kimechanika, wakachomoa ufunguo. Alikaa pale saa tatu. "Wazee wangu, mzigo utaharibika," aliwaomba, na mmoja wao akamwuliza kwani hajui kuongea kiutu uzima. Alijua sana, mtu mzima yule. Mfukoni hakuwa na kitu. Barafu iliyeyuka ikachuruzika barabarani huku anaitazama, na jioni tajiri akachukua pikapu yake.

Alikaa miezi saba bila kazi. Mkewe aliilisha nyumba kwa kuuza maandazi, na mkewe huyo aliugua na kufa kabla mambo hayajakaa sawa. Mbaruku hakusema kwamba trafiki ndio waliomuua. Alisema tu kwamba alikufa mwaka ule wa sangara.

Na sisi tulikuwa upande wake, hilo nalisema bila aibu, au niseme zamani nilikuwa nalisema bila aibu. Mabatini nzima iko upande wa anayesimamishwa. Askari akimsimamisha mtu, hatuulizi amefanya nini, tunauliza askari amekosa nini asubuhi hii. Niliwahi kumficha kijana wa bodaboda nyuma ya rafu za matairi, nikamtazama askari machoni na kumwambia sijaona mtu wala pikipiki, wakati pikipiki bado inatoa moshi mlangoni. Watu waliokuwepo walinipongeza. Nilijiona shujaa, nikawa naisimulia kila mwenye masikio akiingia dukani.

Baada ya mkewe kufa, Mbaruku alibaki na bintiye Yasmin, aliyekuwa ameachika, na mjukuu wake Sada. Walikaa vyumba viwili huko juu kwenye mawe. Sada ana miaka saba na maneno ya mtu wa arobaini. Jumamosi alikuwa anapanda kirikuu na babu yake, amefungwa mkanda kiti cha mbele, na kazi yao walikuwa wamegawana: babu anawasha taa, Sada anaelekeza kidole chini. Nimewaona mara nyingi wakipita mbele ya duka, vichwa viwili, kimoja kina mvi na kingine kina vitunguu vya nywele, wanawaonya watu kwa bidii kabisa. Nilikuwa nawapungia mkono. Yule mzee alikuwa anaishi kwa ajili ya yule mtoto, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka.

Mwezi wa kwanza mwaka jana Yasmin alipata kazi ya kushona sare kwenye karakana moja Mirongo, kazi ya kuingia saa moja kamili asubuhi. Asingeweza tena kumtembeza Sada mpaka shule. Akamwandikisha kwenye gari la shule, Haisi ya njano. Jumapili usiku alimwambia baba yake kwamba kesho mtoto anaanza kupanda gari. Mbaruku alikuwa anaangalia mpira. Alisema, "Sawa, sawa," bila kugeuza shingo, na alfajiri akaondoka kwenda mwaloni kupakia dagaa, nyumba nzima ikiwa imelala.

Sasa ile Jumatatu. Haya nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe.

Alishusha dagaa Igoma mapema, akawa anarudi na gari tupu. Kabla hajafika Mabatini, kwenye kona, akawakuta trafiki. Alikuwepo afande Dorotea, mwanamke mrefu ambaye wote tunamjua kwa sababu huwa hacheki, na pembeni yake mkaguzi wa magari na jeki yake. Mbaruku alishika usukani kwa mikono miwili akijiandaa kwa maswali. Dorotea hakumsimamisha hata. Alimpungia apite, macho yake yako mbali barabarani, anatazama magari yanayokuja kutoka mjini.

Basi Mzee Taa akaanza kazi. Gari la kwanza, taa. La pili, taa. Alikuwa na furaha, aliniambia hivyo, maana asubuhi ile magari yalikuwa mengi. Lori la saruji likamshukuru kwa honi. Nyuma ya lori ikaja Haisi ya njano imejaa watoto mpaka mlangoni, akaiwashia mara mbili na kuelekeza kidole chini. Dereva akamnyanyulia dole gumba. Kwenye kioo cha pembeni Mbaruku akaiona Haisi inakata kushoto, inaiacha lami na kupanda ile njia ya vumbi inayopita juu ya mlima na kuteremkia upande wa pili, bondeni.

Dakika chache baadaye alikuwa dukani kwangu. Aliegemea kaunta, akaomba balbu na kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yangu.

"Shamsa, leo nimeokoa magari kama ishirini," akasema. "Wamejibanza pale konani kama kuku wanaotaga. Na mkaguzi wamekuja naye, wana jeki, wana tochi! Leo wameamka na njaa."

"Huyo Dorotea huwa ana njaa siku zote," nikamjibu, na tukacheka. Nakumbuka kabisa kwamba tulicheka.

Hakumaliza chai. Venant wa bodaboda alikuja mbio kutoka upande wa mlimani, akafunga breki mbele ya mlango, na kabla hajashuka alikuwa anapiga kelele kwamba gari la shule limeshindwa breki kwenye mteremko, limegonga jiwe na kupinduka, watoto wako chini.

"Gari gani?" Mbaruku akauliza.

"Haisi. Ya njano."

Kikombe kilimtoka mkononi. Alinitazama kama mtu anayetaka nimwambie kwamba hajasikia vizuri, nami nilikuwa bado sijaunganisha mambo. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Ile ile, Shamsa. Ni ile ile." Ndipo simu yake ikaita. Alikuwa Yasmin, amepigiwa na mwalimu, na sauti yake niliisikia mpaka upande wangu wa kaunta: "Baba, Sada yumo! Baba, Sada yumo humo!"

Nina miaka arobaini na sita, nimezika wazazi wote wawili, lakini sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika namna ile. Nilikaa juu ya katoni la oili.

Watoto kumi na wanne waliumia. Sada alivunjika paja na kupoteza damu nyingi, wakamfanyia upasuaji mchana ule ule, na kwa siku tatu alikuwa analala, anaamka kidogo, analia, analala tena. Dereva, Revocatus, alitoka na mchubuko wa paji la uso. Aliyekufa alikuwa dada wa kuwasimamia watoto garini, Queen, binti wa miaka ishirini na miwili. Walimkuta mlangoni. Alikuwa amejaribu kuuzuia mlango kwa mwili wake watoto wasirushwe nje.

Sasa nisikilizeni tulichofanya sisi Mabatini.

Kabla ya adhuhuri watu wote walikuwa wanajua kwamba trafiki waliifukuza ile Haisi. Sijui nani alianza. Ilikuwa ni kitu kinachoaminika mno kiasi kwamba hakikuhitaji wa kukianzisha. Mmoja alisema walikuwa wawili kwenye pikipiki. Mwingine alisema alimwona Dorotea kwa macho yake ananing'inia dirishani akigombania ufunguo. Saa nane mwandishi wa redio moja alikuja na kinasa sauti chake, akaniuliza kama nimesikia chochote, na mimi, Shamsa, niliyekuwa dukani nacheka na balbu mkononi, nikamwambia nilisikia king'ora. Nilikisikia wapi? Sijui. Nilipokuwa nakisema niliona kama nimekisikia kweli. Jioni nikajisikia redioni, na jirani zangu wakaja kunipa mkono.

Watu walirusha mawe pale konani. Mkaguzi alipasuliwa kioo cha gari lake. Kesho yake tukaambiwa Dorotea ametolewa barabarani mpaka uchunguzi uishe. Mwenye Haisi naye akaenda kwenye redio ile ile, akasema gari lake lilikuwa zima kabisa, breki mpya, dereva wake alibabaishwa na askari.

Mbaruku alikuwa hospitali mchana, na ikifika muda wa kufukuzwa wodini anakuja kukaa dukani kwangu, juu ya katoni la oili. Madereva walijua ni nani aliyeiwashia ile Haisi. Lori la saruji lilimwona, na lori lina mdomo. Jumanne wakaja watatu, Mashimba mwenye Fuso akiwa msemaji wao.

"Mzee wetu, usijali," Mashimba alimwambia. "Hapa hakuna mtu atakayefungua kinywa. Kuwasha taa wote tunawasha. Aliyekosea ni trafiki, na tayari wananchi wamesema."

"Trafiki hawakuifukuza," Mbaruku akasema.

"Wewe ulikuwepo kule mlimani?"

"Sikuwepo. Lakini niliitazama kwenye kioo mpaka ikakata kona. Nyuma yake hakukuwa na mtu."

"Basi hukutazama vizuri," Mashimba akasema kwa upole kabisa, akampigapiga bega, na wakaondoka.

Mimi nilikuwa nafuta kaunta isiyo na vumbi. Nilimwuliza kama anaogopa kufungwa. Akasema polisi wamfunge wasimfunge, hilo si kitu, mtu hulala popote. "Namwogopa Yasmin," alisema. "Akijua, atamchukua mtoto, wataondoka. Na mimi Shamsa sina mtu mwingine. Wewe nisaidie, nyamaza tu." Nikamwahidi kwamba nitanyamaza, na nilimwahidi kwa moyo mmoja.

Alhamisi asubuhi mwanamke mrefu aliyevaa dera na ndala aliingia dukani. Nilimwuliza anataka spea ya gari gani. Alipovua mtandio ndipo nikamtambua Dorotea. Bila ile sare nyeupe alikuwa mtu tu, mtu aliyelia sana. Mbaruku alikuwa amekaa kwenye katoni lake kando ya rafu.

"Shikamoo mzee," Dorotea alimwamkia.

"Marahaba," akajibu, haangalii juu.

"Dada Shamsa, mimi sikuja kwa ubaya," akaniambia. "Umesema redioni ulisikia king'ora. Mimi pale sikuwa na king'ora. Hata pikipiki hatukuwa nayo. Nakuomba unisaidie kukumbuka vizuri."

Nilimjibu jeuri. Nilimwambia ninyi mkitaka kumbukumbu zetu mnazitaka, lakini sangara wa watu wakioza juani hamkumbuki. Hakuelewa sangara gani. Alisogea karibu na kaunta, akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Ile Haisi mimi sikuiona kabisa, dada. Nilikuwa naisubiri. Niliisubiri mpaka saa mbili."

"Unaisubiri kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ya Queen."

Akatuambia. Ijumaa kabla ya ajali Queen alimfuata Dorotea nyumbani kwake, jioni, amejifunika uso watu wasimtambue. Alimwambia breki za ile Haisi zinashika pale zinapotaka, dereva anazipampu mara nne ndipo gari linasimama, mwenye gari ameambiwa na amesema wazazi wakishalipa ada za muhula atazitengeneza. Watoto wanakaa wanne kwenye kiti cha wawili. Alimwomba wasimtaje, maana atafukuzwa kazi na mtaani ataitwa mpelelezi wa trafiki. Wakapanga. Jumatatu asubuhi Dorotea atakaa konani na mkaguzi, atasimamisha magari mengine pia ili isionekane kwamba wanaivizia moja, na Haisi ikifika wataipiga marufuku palepale. Watoto wangetembea dakika kumi mpaka shule.

"Alikuwa anajua kwamba nipo pale," Dorotea alisema. "Alinitumia ujumbe asubuhi: Afande tunakuja. Sijaufuta."

Akatoa simu akatuonyesha. Yalikuwa maneno mawili tu, na saa yake pembeni.

Mabatini nzima, watu maelfu na maelfu, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kwenda kumwambia askari ukweli bila kulazimishwa, na alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na tulikuwa tumeshamzika. Nilimtazama Mbaruku. Alikuwa amesimama. Sikumwona aliposimama.

"Mimi ndiye niliyeiwashia," akasema.

Dorotea hakuelewa. "Kuiwashia nini, mzee?"

"Taa. Uliponipungia nipite. Niliiwashia ile Haisi, ikakata kona."

Nilitegemea atapiga kelele, au atamshika. Ningekuwa mimi ningemrukia. Dorotea alivaa mtandio wake pole pole, akakosea, akauvaa tena, kisha akasema, "Mzee wangu, twende ukayaandikishe hayo."

Tulikwenda wote watatu kwa miguu. Mbaruku alieleza yote, kuanzia Igoma mpaka kioo cha pembeni, na askari kijana aliyekuwa anaandika aliacha kuandika mara mbili akamtazama. Walimwambia abaki mjini, wakimhitaji watamwita. Na mimi nikaandikisha ya kwangu, kwamba king'ora sikukisikia, kwamba nilisema uongo redioni. Msinielewe vibaya. Wale wawili wa sangara sijawasamehe mpaka leo, na nikikutana nao nitawaambia usoni. Lakini nilipoona jina langu chini ya karatasi ile niliona haya, haya ya kweli, ya kutaka kujificha nyuma ya matairi.

Tulipotoka, Mashimba alikuwa ng'ambo ya barabara ndani ya Fuso lake. Alituona, akamwona Dorotea, akajua. Alimtazama Mbaruku, akatema mate dirishani, akaondoa gari. Mbaruku hakujali. Alikuwa anatazama saa. Alisema Mashimba akifika kijiweni habari itafika wodini kabla ya swala ya alasiri, na anataka Yasmin aisikie kutoka kwake. Akaniomba nimsindikize. Njiani akanunua machungwa, maana hajawahi kuingia wodini mikono mitupu.

Wodi ya watoto ilikuwa na joto na harufu ya dawa. Sada alikuwa macho. Mguu wake umefungwa, umening'inizwa na uzito, lakini macho yalikuwa macho yake yale yale, na alipomwona babu yake uso wote ulifunguka. Yasmin alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anamlisha uji. Siku tatu hakuwa amebadilisha nguo.

"Baba, ameamka vizuri leo," Yasmin akasema. "Anaongea kama redio. Dada Shamsa, karibu."

Mbaruku alisimama miguuni pa kitanda na mfuko wake wa machungwa. Alifungua mdomo, nikaona anatafuta neno la kuanzia.

Sada akamwahi. "Babu! Mimi nilikuona!"

"Ulimwona wapi tena?" mama yake akauliza huku anapuliza kijiko.

"Barabarani. Nilikaa dirishani. Babu akatuwashia taa mara mbili, halafu akafanya hivi." Akatoa mkono mdogo chini ya shuka, akaelekeza kidole chini, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. "Nikawaambia wenzangu, yule ni babu yangu! Wote wakapiga makofi. Anko Revo akasema babu yako ni mtu wa maana sana. Akakata kona."

Yasmin alikuwa bado anatabasamu. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani.

"Dada Queen peke yake ndiye hakupiga makofi," Sada akaendelea. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu Queen. "Alimshika anko bega, akawa anamwambia nyoosha tu anko, nyoosha, tafadhali. Halafu akaanza kulia. Mama, dada Queen yuko wodi gani?"

Yasmin aliweka bakuli chini. Aligeuka taratibu.

"Baba," akasema. "Taa gani?"

Alimwambia. Hakukaa, hakujitetea, hakumtaja Mashimba wala sangara wala mtu yeyote. Alimwambia trafiki walikuwa wanaisubiri Haisi ile, na ni nani aliyewaomba waisubiri. Alimwambia alisema sawa sawa Jumapili bila kusikia. "Sikujua kwamba Sada yumo," alisema. "Lakini nisikudanganye, mwanangu. Niliona ni gari la shule. Niliona watoto wamejaa mpaka mlangoni. Niliwaona, na nikawasha."

Mama wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kumpepea mwanawe. Nilitamani Yasmin apige kelele, arushe lile bakuli, afanye lolote. Aliurudisha mkono wa Sada chini ya shuka, kisha akamtazama baba yake.

"Toka, Baba," akasema.

Hakuinua sauti. Mbaruku aliweka machungwa kitandani, miguuni, polepole yasibiringike. Alimtazama mjukuu wake mara moja, akageuka, akaanza kutembea kati ya vitanda kuelekea mlangoni. Yasmin aliuficha uso wake kwenye shuka.

Sada alijaribu kuinuka, ule uzito ukamrudisha. Alimtazama babu yake anavyoondoka, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Mama, mbona unamfukuza babu?" akauliza. "Kwani amefanya nini? Alituwashia taa tu."